Apolo Kivebulaya: mutu wa jembe na maombi aliyezikwa Boga

Ukifika Boga, kule teritware ya Irumu, upande ule njia inashuka kuelekea mutoni Semliki na mupaka wa Uganda, utasikia jina moja linatajwa sawa vile watu wanataja babu yao wenyewe: Apolo. Lakini toka kidogo tu kati ya Waanglikana, uulize kijana wa Butembo, Goma ao Bukavu, na mara nyingi atakuambia hamujui. Watoto wetu wa shule wanamujua Mwenyeheri Anuarite, na ni vema wamujue. Huyu wa Boga naye anastahili kujulikana, juu maisha yake yaligusa mambo ambayo sisi wa mashariki tunaishi nayo mpaka leo: mupaka, kabila, mukubwa mwenye hasira, mutu anayefungwa pasipo kosa, na watu wa pori wanaozarauliwa na majirani wao.

Alizaliwa karibu mwaka 1864 katika kijiji cha Kiwanda, inchi ya Buganda. Alizaliwa pacha, njo maana wakamuita Waswa, jina ambalo Waganda wanapatia mutoto mwanaume wa kwanza kati ya mapacha. Miaka ya ujana wake ilikuwa miaka mibaya kule Buganda. Wakristo wa upande wa Waingereza, Wakatoliki, Waislamu na wafuasi wa zamani wa mila walipigania ufalme, na Kabaka Mwanga alifukuzwa kisha akarudi. Waswa hakuwa mutakatifu hata kidogo. Alivuta bangi, alipita kwa Waislamu, alishika bunduki katika vile vita. Lakini alikuwa amesikia mafundisho ya Alexander Mackay, mumisionari fundi wa mikono aliyekuwa anatengeneza mashini na kufundisha watu kusoma, na yale maneno hayakutoka ndani yake.

Mwaka 1891 alikuwa katika ule musafara mukubwa wa Lugard, ofisa Muingereza aliyetembea na askari mpaka Toro, akamurudisha mufalme Kasagama kwenye kiti chake, kisha akaendelea mpaka huku kwetu, karibu na ziwa Albert, kutafuta askari Wasudani waliokuwa wamebaki kule Kavalli. Tuseme wazi basi: mara ya kwanza Apolo alipotembea kuelekea upande huu, alitembea na watu wa bunduki. Wale wanaoandika juu yake sawa malaika wanaruka ukurasa huu. Hakuna haja ya kuuruka, kwa maana ukiujua utaelewa vizuri zaidi namna alivyorudi mara ya pili.

Alibatizwa mwezi wa 1, mwaka 1895, akachukua jina la Apolo, sawa yule Muyahudi wa Aleksandria aliyejua sana Maandiko katika Matendo ya Mitume. Jina la Kivebulaya lilitoka kwa watu wenyewe. Alikuwa anavaa kanzu nyeupe, na juu ya kanzu koti jekundu la kiaskari. Kwa Kiganda wakamuita kile kitu kilichotoka Ulaya. Kuchekelewa kule kukageuka jina, na jina likabaki naye mpaka kaburini. Alikuwa ameoa, lakini muke wake alifariki, na hakuoa tena. Ndugu zake, bila shaka, waliona mambo ya ajabu: mwanaume mwenye afya, anakaa pasipo muke na pasipo mutoto, na anaomba kutumwa mbali.

Kanisa likamutuma Toro kuwa mwalimu. Wakati ule ule habari zilikuwa zimefika kutoka ngambo ya milima ya Ruwenzori, katika inchi ndogo ya Mboga, ile tunayoita leo Boga. Walimu wawili Waafrika walikuwa wametangulia kule mwaka 1896, na kazi ilivunjika. Chefu wa pale, Tabaro, aliwapokea kwanza, kisha akaona mambo yao hayamufai: wanasema mutu awe na muke mumoja, wanakataa pombe na dawa za waganga, wanafundisha vijana kusoma vitabu ambavyo yeye hawezi kusoma. Hakuwaua. Alikataza tu watu wake wasiwauzie chakula. Njaa ikafanya kazi yake, na wale walimu wakarudi Toro.

Apolo akasema ataenda yeye. Na hapa njo kuna kitu ambacho mimi naona ni kikubwa kuliko mambo yote ya ajabu wanayosimulia juu yake: alienda na jembe. Alikuwa amesikia wenzake walishindwa juu ya tumbo, basi akajitayarisha alime mwenyewe, ale jasho lake, asingojee sahani ya mutu. Leo tunaona watumishi wa Mungu wanafika mahali na orodha ya vile wanahitaji, gari kwanza. Yeye alifika na kitabu, koti lake na mupini wa jembe.

Safari ile si ya kuchezea. Kutoka Kabarole unapanda ubavu wa Ruwenzori kwenye baridi, unashuka kwenye joto la uwanda wa Semliki penye nyama wa pori, unavuka mutoni wenye mamba, kisha unapanda tena upande wa pili mpaka Boga. Akafika mwisho wa mwaka 1896. Akalima, akajenga nyumba ya kusomea kwa miti na matete, akaanza kufundisha. Kwa wakati ule, kusoma na kuamini vilikuwa karibu kitu kimoja. Wakristo waliitwa wasomaji. Vijana wakaanza kuja, na wamama pia.

Kwa muda kidogo mambo yalitembea. Lakini kadiri wasomaji walivyoongezeka, hasira ya Tabaro nayo iliongezeka. Tusimuhukumu haraka. Alikuwa chefu mudogo kati ya watu wakubwa: upande mumoja Toro na Waingereza, upande mwingine watu wa Léopold II, mufalme wa Ubelgiji, na katika miaka ileile askari waasi wa Batetela, waliokuwa wamekimbia jeshi la Wabelgiji, walikuwa wanazunguka upande huu wa Semliki na kuleta hofu. Muganda mwenye koti jekundu, rafiki wa Waingereza, anakusanya vijana wako kila asubuhi. Chefu gani asingekuwa na wasiwasi? Akaamuru Apolo apigwe. Nyumba yake na kanisa vikachomwa. Wazee wanasimulia kama siku moja walimupiga mpaka wakazani amekufa, wakamutupa katika majani marefu ili nyama wamumalize usiku. Mama mumoja akamukuta anapumua, akamuficha na kumutunza mpaka akapata nguvu. Jina la ule mama halisikiki sana katika ibada za kumbukumbu, na ni hasara, juu bila yeye hatungekuwa na hadisi ya kusimulia.

Apolo alipopona hakukimbia. Alijitokeza tena, akaendelea kufundisha.

Kisha, mwaka 1898, ikaja tabu kubwa zaidi, na hii haikutoka kwa chuki ya mutu. Walikuwa wanajenga. Kulikuwa mukuki umelala ndani ya majani, hauonekani. Dada yake Tabaro akaangukia juu yake, ukamuchoma, akafa. Ajali ya kazi, sawa tunavyoona kwenye machimbo ao kwenye shantie kila siku. Lakini kwa chefu aliyekuwa anatafuta sababu, ile haikuwa ajali. Apolo akashitakiwa kama muuaji. Wakamupiga, wakamufunga minyororo, wakamuvusha Semliki na kumutembeza njia yote ile ya milima mpaka Fort Portal, kwa ofisa Muingereza, naye akamutupa gerezani.

Fikiri kidogo hapo. Huyu mutu alikuwa ametembea na Waingereza, alivaa nguo iliyotoka kwao, alibatizwa katika Kanisa lao, na sasa serkali ileile inamulaza boloko. Mutu yeyote aliyewahi kungojea hukumu katika gereza lililojaa, pasipo avoka na pasipo jamaa karibu, anaelewa usiku wa namna ile una saa ngapi. Apolo mwenyewe alisimulia baadaye kama katika siku zile za majaribu alimuona Yesu usingizini, anangaa sawa jua, akimutia moyo asiogope. Alizoea kuandika daftari zake kwa Kiganda, na jambo lile hakulisahau mpaka uzee wake. Wengine wataliita ndoto ya mutu aliyechoka. Kila mutu aamue. Sisi tunaona matunda: aliingia gerezani akiwa mwalimu mwenye moyo wa nguvu, alitoka akiwa mutu ambaye hakuna kilichoweza kumutisha tena.

Ilionekana hana kosa, wakamufungua. Na yeye, badala ya kuomba kazi Toro kati ya marafiki, akavuka tena Semliki na kurudi kwa Tabaro.

Hiyo kurudi njo ilivunja ule ukuta. Tabaro alikuwa anajua namna ya kupigana na adui, alijua pia namna ya kutuliza mutu anayetafuta kisasi. Lakini mutu aliyemupiga, aliyemuchomea nyumba, aliyemufunga, sasa anakuja kumusalimia na kulima shamba lake pale pale, pasipo kuleta askari, pasipo kuomba malipo? Kwa hilo hakuwa na dawa. Pole pole akaanza kusikiliza. Mwisho chefu Tabaro mwenyewe akasoma, akabatizwa, na jina alilopata ni Paulo, sawa yule aliyetesa Kanisa kisha akawa mutumishi wake. Wakati ule tayari kulikuwa Wakristo wengine pale Boga. Mumisionari Albert Lloyd, aliyepita Boga mwaka 1898 akielekea kukata pori kubwa mpaka bahari ya magaribi, ni mumoja wa Wazungu waliokuja kuandika sana juu ya Apolo na kumufanya ajulikane Uingereza.

Baada ya hapo Kanisa likamuita Apolo Toro, na akafanya kule miaka mingi. Alifanywa shemasi mwaka 1900, na kasisi mwaka 1903. Miaka hiyo tunaipita haraka, ijapo Watoro wana haki ya kulalamika, juu alifungua kwao makanisa mengi na alizunguka vijiji kwa miguu. Kwetu kilicho na maana ni kilichotokea Boga wakati yeye hayuko.

Wakubwa wa Ulaya walikaa mezani Bruxelles mwaka 1910 wakakata mupaka. Boga, iliyokuwa inahesabiwa na Toro na Waingereza, ikawa ya Kongo ya Wabelgiji. Watu walilala upande mumoja, wakaamuka upande mwingine. Makanisa madogo ya Apolo yakajikuta katika koloni ambayo serkali yake ilitegemea zaidi wamisionari Wakatoliki, na ambayo haikupenda sana kuona walimu Waganda wanaingia. Ingekuwa rahisi kuachana na Boga. Wengi Kampala waliona kazi ile ni ndogo na iko mbali. Apolo, ambaye kwa umri alikuwa amepita miaka 50, aliomba kurudi. Kutoka karibu mwaka 1915 Boga ikawa kwake mpaka mwisho.

Sasa tuko na Apolo wa miaka ya mwisho, na kwangu yeye njo wa kupendeza kuliko wote. Nyumba yake ilikuwa haina mulango wa kufunga, kwa namna ya kusema. Vijana waliishi pale: wengine yatima, wengine wametumwa na wazazi wasome. Alilima nao, alikula nao, aliomba nao. Hakuwa na muke wala watoto, lakini pale kulijaa watoto. Mushahara wake ulikuwa mudogo, na hata huo haukukaa sana mikononi mwake. Ngoma ililia asubuhi, watu wakaja kuomba mbele ya kwenda shamba. Maombi kwake hayakuwa kelele. Hakuna anayesimulia kama alipiga watu mapepo usiku kucha na kipaza sauti. Alizoea kukaa peke yake na kitabu chake na kutaja watu kwa majina.

Mwaka 1922 Kanisa la Uganda lilimufanya kanoni wa katedrali ya Namirembe. Hiyo ni heshima kubwa. Mutu angeweza kubaki Kampala na kanzu safi. Akarudi Boga.

Mbele kidogo, mwaka 1921, alikuwa ameanza kazi aliyoona Mungu mwenyewe amemutuma: kuingia pori la Ituri kwa Wambuti. Tukumbuke wakati ule watu wa vijiji waliwaona Wambuti namna gani, na tujiulize kama leo imebadilika sana. Walichukuliwa kama watu wa kuwinda kwa ajili ya wengine, wa kulipwa ndizi, wasiokaa kiti kimoja na wanakijiji. Muzungu akija anawapiga picha. Apolo aliingia akiwa na umri wa muzee, akalala kwenye kambi zao, akasikiliza luga yao. Alifanya bidii ya kuiandika na kugeuza Injili ya Marko ndani yake. Si wengi kati ya wanakijiji waliokuwa wanafikiri kama luga ile inastahili kalamu. Baadaye Wambuti wa kwanza wakabatizwa, wakasimama katika kanisa moja na Wahema wa ukoo wa chefu.

Hapa lazima tuseme jambo ambalo wengine hawapendi. Kanisa la Boga, kwa miaka mingi baada ya Apolo, lilionekana kwa majirani kama Kanisa la Wahema. Liliendelea kuomba na kuimba kwa Kinyoro, luga ambayo Apolo na walimu wenzake waliitumia kutoka Toro, na mutu wa kabila lingine akiingia alijisikia mugeni. Swahili iliingia kwa nguvu baadaye, Waanglikana walipotawanyika kwenye miji. Katika jimbo letu la Ituri, ambalo limezika watu wengi sana juu ya ugomvi wa makabila, jambo hilo si dogo. Lakini ukitazama mwanzilishi mwenyewe, alikuwa Muganda, si wa hapa. Alikaa kwa Wahema, akaenda kwa watu wa pori na makabila mengine ya kando, na hakuacha ukoo wa kudai urizi. Kama uzio ulijengwa, ulijengwa nyuma yake.

Alifariki Boga tarehe 30 Mei 1933, akiwa karibu na miaka 70. Mbele ya kufa aliacha agizo moja juu ya maziko yake. Desturi ilikuwa kulaza maiti kichwa kikielekea mashariki, na kwa yeye mashariki ilikuwa pia Buganda, kwao alikozaliwa. Akaomba kichwa chake kielekee magaribi, upande wa pori, upande wa Kongo yote ambayo hakufika. Wakafanya vile alivyoomba. Kaburi liko pale Boga.

Kanisa la Anglikana, mpaka Uingereza, linamukumbuka kila tarehe 30 Mei. Mwaka 2021, usiku wa tarehe hiyo kuamkia 31, watu wenye silaha waliingia Boga na Tchabi. Walikata na kupiga risasi, wakachoma nyumba. Watu zaidi ya 50 waliuawa, kati yao wakimbizi waliokuwa wamekuja pale kutafuta usalama. Baadaye hospitali ya Boga nayo ikaporwa na kuchomwa. Wengi wa wasomaji wetu wana jamaa waliokimbia siku zile, na hatuna haja ya kuwaeleza.

Kwa upande wa Kanisa lenyewe, miaka karibu 40 baada ya maziko yale lilikuwa bado ni dogo, limeshikamana na Boga na vijiji vya kando. Uhuru ulikuja, vita vya 1964 vikapita. Mwaka 1972 Boga ikafanywa diosezi, na Philip Ridsdale, Muingereza, akawa askofu wa kwanza. Mwaka 1976 Bukavu nayo ikapata askofu, Bezaleri Ndahura, Mukongomani wa kwanza katika kazi hiyo. Mwaka 1992 Kongo, wakati ule Zaïre, ikawa provense yake yenyewe, na askofu mukuu wa kwanza, Byankya Njojo, alitoka kwenye kiti cha Boga. Makanisa yakafunguliwa Bunia, Beni, Butembo, Goma, Lubumbashi, Kinshasa. Kisangani nayo ikapata askofu wake. Ukisimama kwenye kaburi la Apolo na kutazama ule upande kichwa chake kililazwa, Kisangani iko mbele yako, ngambo ya pori lote la Ituri.